Kesho Naenda Mnarani, Uje Usije

"Mia mbili!" Bi Jadwiga alisema, mkanda wa mashine ya presha umemkaza mkono. "Mia mbili, Radek mwanangu. Leo sifiki jioni."

Radek alikuwa ameshashika funguo za gari. Akazirudisha mfukoni.

Bogna alibaki mlangoni, begi mgongoni, kofia kichwani. Ile nyumba ndogo ya mbao kando ya Bahari ya Baltiki waliikodi yeye na Radek, wapumzike kabla ya harusi ya Septemba. Mama mkwe mtarajiwa alikuja "kuwasindikiza tu", akiwa na masanduku yake yote. Siku ya kwenda kwenye vilima vya mchanga, presha ilipanda, Bogna akatembea peku mchangani peke yake kama mjane. Siku ya kwenda kijiji cha makumbusho presha ilikuwa nzuri, kwa hiyo Bi Jadwiga alikaa kiti cha mbele na Bogna akakaa nyuma kupakata mayai ya kuchemsha. Usiku uliopita dhoruba ilikata umeme, wakala kwa mwanga wa tochi ya Radek, na hata gizani mama alikaa katikati yao.

"Nendeni kesho," Bi Jadwiga alisema. "Mnara wa taa umesimama pale tangu enzi za babu zetu, hautakimbia."

"Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho, Bi Jadwiga."

"Kesho asubuhi Radek ananifungia pazia la kukinga upepo ufukweni, nipate nafasi. Usipowahi alfajiri, binti, hukai. Watalii wa mji wa Katowice watapigilia vigingi vyao mpaka majini!"

Akaenda kujilaza. Bogna akaichukua mashine ili afute meza. Ilikuwa nyepesi mno. Akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma.

Hakukuwa na betri hata moja.

 Alitoka nayo mbio mpaka uani, Radek akianika mataulo. Sentensi ilikuwa ulimini: mama yako mwongo, shika, tazama mwenyewe. Lakini alipomwona anavyobana taulo la mama yake kwanza, kwa uangalifu, akasita. Akimwonyesha, Radek atakwenda mnarani kwa sababu mama ameumbuka. Na baada ya harusi je? Bogna atakuwa anatafuta ushahidi kila wiki?

Akaificha mashine nyuma ya mgongo.

"Radek, kesho saa nne naenda mnarani. Kwa baiskeli."

"Mpenzi, si unajua hali ya mama..."

"Najua hali ya mama. Nauliza hali yako."

"Usinichanganye, Bogna. Nigawanyike vipande viwili?"

"Sitaki kipande. Kesho naenda, uje usije. Usipokuja, usinioe."

"Kwa ajili ya mnara tu?"

"Mnara ni mawe, Radek. Namwongelea atakayepanda na mimi."

 Bogna aliirudisha mashine mezani jinsi alivyoikuta.

Asubuhi Radek alirudi kutoka ufukweni na nyundo ya mpira, mchanga hadi magotini. Pazia la mama lilikuwa limesimama mstari wa mbele. Saa nne ilipofika, Bi Jadwiga alikuwa ameshavaa mkanda.

"Mia mbili na kumi! Radek, naona giza!"

Bogna alivua pete, akaiweka kando ya mashine. Radek alimtazama, akamtazama mama yake.  Bogna akapanda baiskeli, hakugeuka nyuma.

Njia ya msitu wa misonobari ilikuwa tupu. Machozi yalimtoka, akaendelea kukanyaga pedali. Simu ikalia kwa ujumbe wa Radek.

"Uko wapi?"

"Msituni. Naendelea."

"Mama anasema miguu imekufa ganzi."

"Mwite daktari. Mimi si daktari, mimi nilikuwa mchumba."

Akatuma. Hilo neno "nilikuwa" lilimuuma hata yeye aliyeliandika. Simu ikanyamaza.

Alipanda mnara peke yake, ngazi zikizunguka mpaka kichwa kikazunguka nazo. Juu, upepo ulimpiga usoni. Upande mmoja vilima vya mchanga vilikuwa vyeupe, upande wa pili bahari, na mbali kule ufukweni mapazia ya rangi rangi yamebanana. Alitazama kila kitu kwa makusudi. Aliapa hataondoka hapo akiwa analia.

Nyuma yake mtu alikuwa anahema.

Radek. Shati limelowa, suruali imechanika pindoni.

"Umekujaje?"

"Kwa baiskeli ya waridi ya binti wa mwenye nyumba. Magoti yalikuwa yanagonga usukani. Mama amezikalia funguo za gari."

"Na presha yake?"

Radek aliinamisha kichwa. "Mashine haina betri, Bogna. Nilizitoa mimi juzi umeme ulipokatika, nikazitia kwenye tochi."

 "Kwa hiyo jana ulijua?"

"Nilijua."

"Mia mbili ile, ukijua, ukarudisha funguo mfukoni? Ukaniacha nikuombe uani kama ombaomba?"

"Niliogopa. Tangu baba afariki, nikimwambia mama hapana, najiona kama namzika na yeye. Sina utetezi. Nimekuja kukuambia kabla hujaambiwa na mtu."

"Mimi pia niliiona haina betri," Bogna alisema. "Nilikaa kimya. Nilitaka uje bila kuonyeshwa."

Radek alifuta uso kwa kiganja. Akatoa pete mfukoni. Bogna hakunyoosha mkono.

"Mpigie kwanza. Weka spika, nisikie."

Simu iliita mara moja tu.

"Radek! Nakufa!"

"Mama, betri za mashine ziko kwenye tochi. Tangu juzi."

 

"Mpumbavu wewe! Siku mbili nzima nimejikaza mkanda mpaka vidole vimevimba, na hukusema?"

Bogna alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka.

"Huyo yuko hapo?"

"Niko hapa, Bi Jadwiga."

Sauti ya mama ilishuka. "Huo mnara nilipanda na baba yake. Radek akiwa na wewe, Jumapili mimi nitakula na nani?"

Kwa mara ya kwanza Bogna alimwonea huruma. Lakini huruma isiyo na mpaka ndiyo iliyowafikisha hapo.

"Jumapili tutakuja kula kwako, kila Jumapili. Ila kwenye gari, kiti cha mbele ni changu."

"Nyuma mimi natapika!"

"Tutafungua dirisha."



"Una kichwa kigumu, binti," Bi Jadwiga alisema. "Basi niite mama."

"Nitakuita siku ya harusi. Leo bado nina hasira."

Simu ilikatwa. Radek alikuwa bado ameshika pete.

"Ipo siku utaniambia tena presha imepanda?" Bogna aliuliza.

"Nitamwita daktari, kisha nitakuja ulipo."

Bogna akanyoosha kidole.

Waliporudi, gari lilikuwa uani, milango wazi. Bi Jadwiga alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kofia ya safari kichwani, mayai ya kuchemsha mapajani, dirisha amelishusha lote. Akamtupia Radek funguo bila kumtazama.

"Nimesikia kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi kijiji cha pili," alisema. "Pandeni basi, mnangoja nini?"

Bogna akafungua mlango wa mbele, akakaa.