Kitambaa cha Mzee Nibizi

Rafiki yangu Jocelyne wa mji wa Baraka hasimulii haya bila kufoka. Mzee Nibizi alizalisha bamama wa mtaa wao miaka mingi, kitambaa cheusi machoni ili asione uchi wao. Vijana aliowapokea mwenyewe walipozaliwa wakamfukuza, eti mwanaume kuzalisha ni aibu! Akafa, akazikwa nacho kimefungwa machoni.

Juzi mchana dada yake Jocelyne akashikwa na uchungu. Jocelyne akakimbilia kwa muuguzi.

“Leta kwanza ganti za kuvaa mikononi,” muuguzi akamwambia.

“Dada yangu iko nakufa, we unaniomba ganti!”

Akarudi peke yake. Mvua ilikuwa imetia nyumba giza. Akiwa mlangoni akasikia ndani mzee akikohoa, kisha mtoto akalia. Jocelyne akasukuma mlango: dada na mtoto tu, kitovu kimeshafungwa. Kitandani kulikuwa na kitambaa cheusi chenye udongo mbichi, fundo lake halijafunguliwa.