Nilimkausha Shemeji Yangu Kama Pamba

Wasomaji wenzangu, minye niko na miaka sabini na tano. Hapa Uvira wananiita mzee wa heshima. Heshima gani? Laiti wangejua…!

Ujanani nilikuwa mpima pamba kule Luvungi. Wakulima wengine walikuwa wajanja, wanamwagia pamba maji ili iwe nzito. Nilikuwa nawarudisha: "Anika kwanza!" Ikianikwa, kilo zinashuka na pamba ni ile ile. Basi, nikajiona najua uzito wa kila kitu duniani.

Msimu wa pamba ukiisha, narudi Uvira kufundisha ngumi. Tegemeo langu lilikuwa Kashindi, mume wa dada yangu Nabintu. Mwanaume mwenye mwili, na kwa kucheka usiseme! Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, uasi unanong'onwa tu. Kukapangwa ngumi Jumatatu ya Pasaka.

Kashindi alikuwa na kilo sabini na tatu. Katika uzito wake kulikuwa na mtu hatari. Nikaona nimshushe mpaka sitini na saba, apigane na Bulambo, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Songo, ambaye nilijua tutamshinda. Zilibaki siku tano.

Nikamnyima chakula. Maji, kijiko kwa kijiko. Mchana namkimbiza juani na makoti mawili, kisha namfunika blanketi karibu na makaa ili atoke jasho. Siku hizo nilikuwa na kikohozi kibaya… na bado nilikaa naye mule ndani, nikimkoholea usoni!

Nabintu alinifokea. "Kaka, weye uko na akili kweli? Muntu atapiganaje bila kula?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba ngumi si mambo ya jikoni. Kashindi mwenyewe aliniomba maji kwa upole, midomo imepasuka. Nikamwambia atakunywa akisha kupimwa. Akanitii! Angenitukana siku ile, pengine angepona.

Alipimwa, sitini na saba kamili. Akapigana, akashinda kwa shida, miguu inatetemeka. Watu walinipongeza na minye nikavimba kichwa.

Siku ya tatu homa ikampanda. Kikohozi changu kilikuwa kimeingia nyumba nzima. Watoto wao wawili walikohoa kidogo, wakarudi kucheza. Lakini Kashindi, mwenye nguvu kutupita sote, kifua kilimbana hata kuongea hawezi. Nabintu alipotoka kuchota maji, munganga wa dispanseri aliniuliza mgonjwa alikuwa anakula namna gani. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini.

Aliniangalia kwa hasira. "Ulimukausha muntu? Mwili wa njaa na kiu hauna nguvu ya kujikinga! Kikohozi ambacho mtoto anakishinda, yeye kinamwangusha."

Alimchoma sindano mbili zilizobaki. Nyingine hazikuwepo, maana uasi uliokuwa unanong'onwa ulikuwa umelipuka siku zile zile, na vita imefunga barabara ya Bukavu. Kashindi alikufa siku ya nne ya homa. Wiki ile ile munganga naye akakimbia vita, nikabaki peke yangu na siri ile.

Jamani, ubaya wangu haukuishia hapo! Kwenye matanga watu walianza kusema Bulambo amemroga kwa hasira ya kushindwa. Nabintu aliniuliza mbele ya wote: "Kaka, weye ulikuwa naye kila siku. Iko kitu uliona?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaangalia wale watu… nikasema sikuona kitu.

Vijana walikwenda Songo. Walimpiga Bulambo, wakabomoa nyumba yake, na waasi walipoingia mjini akatishiwa kupelekwa mbele yao ahukumiwe kama mchawi. Alikimbilia Burundi na mke mwenye mimba.

Ilinichukua miaka kumi kumwambia Nabintu maneno ya munganga. Hakulia wala hakunilaani. Aliuliza neno moja tu: "Na Bulambo?" Mpaka leo hali mezani pangu. Nilikwenda Bujumbura mara mbili kumtafuta yule mtu, sikumpata.

Vijana wangu wa ngumi, piganeni na uzito mliopewa na Mungu! Na ninyi mnaowafundisha, mshindi wa siku moja mtamfanyia nini akiwa kaburini? Msipite njia yangu, nawaomba!

Na kama kuna msomaji anayewajua watoto wa Bulambo, fundi wa baiskeli wa Songo, tafadhali awaambie kwamba baba yao hakumroga mtu. Aliyemuua Kashindi ni minye.