Spika ya Chumba cha Nyuma

Kinyozi alikuwa fundi hasa wa mkasi, lakini moyo wake ulikuwa chumba cha nyuma. Humo aliweka dramu zake, zile ngoma za bendi zinazopigwa kwa vijiti. Jioni akishafunga kazi, huwasha spika, akapokezana vijiti na binti yake kufuatisha muziki. Binti aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Ngoma zikizidi, muziki hausikiki. Basi kinyozi huongeza spika. Spika ikizidi, hupiga kwa nguvu zaidi. Wakitoka humo masikio yanavuma, naye anacheka: "Huo ndio utamu wake." Dada yake, muuguzi wa kliniki ya masikio, alimwonya weee, mpaka akachoka. Bwana yule alikuwa na kichwa kigumu. Alimjibu kwamba ana wivu.

Siku moja mteja alikaa kitini, akasema jambo kwa sauti ya chini. Kinyozi hakusikia. Akacheka tu, kama alivyozoea kuwachekea wateja siku hizo. Kumbe mtu wa watu alikuwa anasema amemzika mama yake. Mteja aliinuka, kichwa nusu kimenyolewa, akaondoka.

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni ile ile Chiriku akashika sikio.

"Baba, linalia nziii. Tangu jana halijanyamaza."

Kinyozi akaingiwa na hofu. Kesho yake akampeleka kwa shangazi yake kliniki. Shangazi akawapima wote wawili.

"Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti," alieleza. "Kelele kubwa huviua. Nywele za wateja wako huota tena, kaka. Hivi havioti."

"Vyangu je?"

"Vingi vimekwenda. Vya mtoto bado vipo, ila mlio huo ni onyo."

"Lakini mimi natia pamba."

"Pamba haitoshi. Vaeni vikinga masikio, kama watu wa mashine za mbao. Spika msiiongeze, ipunguzeni. Ngoma zifunikeni kitambaa kizito. Mkilazimika kupayuka ili msikilizane mkiwa karibu, kelele imezidi. Na mpumzike mara kwa mara. Masikio yakilia, acheni, mje."

"Ungenikazania, dada."

"Nilikukazania. Ukasema nina wivu."

Kinyozi akainamisha kichwa.

Walifanya kama walivyoelezwa. Chiriku aliendelea kupiga, tena kwa ustadi zaidi, na mlio ule ukakoma. Alipopimwa tena, masikio yake yalikuwa bado mazuri.

Jioni moja walikuwa wamepumzika, vikinga vimewekwa kando, spika imezimwa. Chiriku akamgusa baba yake begani, akasubiri atazame, ndipo akasema:

"Baba, manyunyu. Nguo ziko nje."

Kinyozi alitega sikio. Hakusikia kitu. Akafungua mlango, akanyoosha kiganja, kikalowa. Alifurahi kwa ajili ya mwanawe, akaililia nafsi yake, vyote kwa pamoja. Kisha akaanza kuanua nguo.