Dakika Tisini na Saba za Bi Zaituni

Kipimajasho kilining'inia katikati ya ukumbi kama mzinga wa nyuki, nacho hakikuhitaji zaidi ya sekunde nne kumaliza ugomvi ambao zamani ungekula mwezi mzima. Asubuhi ile kilianza na fundi wa paa za umeme wa jua. Mteja alidai amedhulumiwa. Fundi aliapa kwamba alishinda juu ya paa siku mbili. Kifaa kikasikiliza sauti zote zilizonaswa kazini, kikatenga kazi na porojo, kisha kikaumulika ukuta kwa rangi mbili: kijani kwa jasho, nyekundu kwa maneno. Siku mbili za fundi zikageuka saa tatu na robo. Watu wakacheka, fundi akarudisha alichozidisha, na ugomvi ukafa pale pale.

Huo ulikuwa mwaka wa saba tangu Baraza la Ada lianze kazi katika jiji la Singida. Juu ya miamba mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo yalizunguka mchana kutwa, na huku chini kila mwenye kutoza ada, awe daktari, msusi au mhasibu, alivaa kinasa sauti kifuani kwa amri ya sheria. Aliyepatikana na ada ya dhuluma mara tatu alifutiwa leseni ya kazi yake maisha.

Chini ya kifaa aliketi Leonsi Mkumbo, mhandisi aliyekiunda na mkadiriaji wa baraza. Sheria ilitaka mtu atie sahihi kwenye kila hukumu na aandike sababu yake, maana kila sababu iliingia tumboni mwa Kipimajasho ikawa funzo, na kabla ya jua kuzama vipimajasho vyote nchini vilikuwa vimelijua. Leonsi hakuwa mtu wa makuu, lakini kwa hili alijivuna, tena waziwazi. Alikumbuka jinsi mafundi wa majokofu walivyowachuna wajane, wakiwahesabia hata muda wa kuchezea simu. Kanuni ya kwanza aliyokifundisha kifaa aliiandika mwenyewe: salamu na soga si kazi.

Kesi ya pili ilimleta Gwao Msengi, mpanda minara anayesafisha mapanga ya upepo, mtu mpana mwenye viganja vigumu kama gome. Alimlalamikia mhasibu wake, Bi Zaituni Njiku, mwanamke wa miaka sitini na ushei aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili. Hii ikimwendea vibaya, ndiyo mwisho wake.

Gwao alieleza kwamba dirisha la mashine ya kodi linakujazia ritani ya mapato ya mwaka kwa shilingi elfu tano, ukijibu maswali tisa tu. Mwaka huu alishawishiwa na mwenzake wa mnarani aende kwa Bi Zaituni, naye akamtoza laki moja na ishirini.

"Na kazi yenyewe siioni, mheshimiwa," alisema. "Kanipa chai, kaniuliza habari, tukapiga soga mpaka kivuli kikahama. Ritani aliijaza mwishoni, kama mtu anayefukuzwa."

Kipimajasho kikanguruma. Ukutani ukatokea mstari mwembamba wa kijani, dakika kumi na moja, na nyekundu ndefu ya dakika tisini na saba. Ada ya haki: shilingi elfu kumi na nne. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba labda chai ilikuwa ya dhahabu, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Bi Zaituni alipoulizwa ana lipi la kusema, alijibu kwamba bei yake ni ya ritani, si ya saa, na tangu aanze kazi hajamtoza mtu kwa kipimo kingine. Hakuomba huruma.

Leonsi alishika kalamu, akaisimamisha hewani. Kitu kilimkera. Mtu aliyebakiwa na kosa moja tu, huku kinasa kimemning'inia kifuani, apoteze dakika tisini na saba kwa ajili ya nini? Sheria ilimruhusu kusikiliza sehemu nyekundu. Kwa miaka saba hakuwahi. Alichomeka kidude sikioni, akasikiliza peke yake huku ukumbi ukimsubiri.

Bi Zaituni aliuliza habari za nyumbani. Gwao akasema nzuri. Za kazi? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Na mama, yule wa kijijini Mgori, ambaye mwenzake wa mnarani alimtaja? Hajambo. Chai ikamiminwa. Wakazungumzia upepo, bei ya alizeti, na kuku wa jirani anayetagia kwenye uwanja wa watu. Kisha, kama mtu anayerudi kuokota alichokidondosha njiani, akauliza tena mama anaendeleaje na vumbi hili. Hajambo, akasema Gwao, ila usiku kifua kinambana. Kijiko kikazunguka kikombeni. Akauliza ni nani anayemkanda huko Mgori. Kikombe kikawekwa mezani. Ndipo Gwao aliposema, taratibu, kama anayetua mzigo, kwamba mama hayuko Mgori. Mwaka wa tatu huu yuko kwake, hainuki kitandani, na ni yeye anayemwogesha kila alfajiri kabla ya kupanda minara, kwa kuwa mke alishaondoka.

Leonsi akakitoa kidude sikioni. Aliijua sheria ya kodi: anayemtunza mzazi asiyejiweza hulipa nusu. Lakini mtoto wa kiume kumwogesha mama yake si habari ya kumulikwa ukutani mbele ya watu. Akawaita wote wawili mezani, akaizima mitambo ya sauti, akainama.

"Gwao, miaka yote miwili iliyopita ulijaza ritani dirishani. Mashine ilikuuliza kama kuna mabadiliko nyumbani?"

"Iliniuliza."

"Ukajibuje?"

"Salama."

"Na mama alikuwa chumba cha pili."

Gwao alitazama viatu vyake. "Mheshimiwa, wewe ukiulizwa habari unaanza na maradhi? Unasema salama kwanza. Mengine yanafuata, kama aliyeuliza bado yupo."

Leonsi akamuuliza kama hakuona kwamba mwaka huu kodi imeshuka kwa nusu, na kwamba ziada ya miaka miwili imeombwa irudishwe. Gwao aliona. Alidhani serikali imewahurumia wapanda minara. Akamgeukia mhasibu wake, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje bila kukurudisha kwenye jambo lililokutoka kwa shida vile?" alisema Bi Zaituni. "Niliandika, nikafunga daftari."

Gwao akataka kuondoa malalamiko yake palepale. Haikuwezekana. Kesi ikishapimwa haiondolewi, ili rushwa isipite mlango wa nyuma. Hilo nalo Leonsi alilitunga mwenyewe. Lakini sasa alikuwa na furaha ya fundi aliyeona palipovunjika, na alijua pa kuziba.

"Nitaandika kwamba salamu zile zilikuwa kazi," alisema. "Dakika tisini na saba zitakuwa kijani. Ada yako itakuwa ya haki, na leseni utabaki nayo."

"Na hiyo sababu itakwenda wapi?"

"Jioni hii kila kifaa nchini kitakuwa nayo."

"Basi usiiandike, mwanangu."

Leonsi alidhani hakuelewa, akaanza kumweleza upya. Bi Zaituni alimwacha amalize, kwa adabu.

"Nimekusikia. Kesho kila daktari na kila kinyozi atauliza za watoto huku saa inahesabu. Na huyu Gwao, siku nikimuuliza hali ya mama yake, atajua namtoza. Atanijibu salama, kama anavyoijibu mashine yako. Leseni nitakuwa nayo, sawa. Nitaifanyia nini?"

Ukumbi ulianza kunung'unika kwa kungoja. Leonsi alikitazama kifaa chake, akaona kwa mara ya kwanza shida yake ilipo: kila ukikipa jambo jema kilishike, kinalipachika bei. Akiandika ukweli, atauua. Asipouandika, mwanamke huyu atakwenda nyumbani bila kazi.

Alichukua kalamu, akaandika maneno machache: *Ada ni ya haki. Sababu ninayo. Siiandiki.*

Kipimajasho kiliomba sababu. Kikaomba tena. Mara ya tatu kikawaka manjano na kuinakili hukumu ilivyo, kwa kuwa sahihi ya mtu ilitosha. Lakini mkadiriaji anayeficha sababu hupoteza kiti siku ileile. Leonsi alivua beji yake, akaiweka mezani, akatoka kichwa juu.

Varandani Bi Zaituni alimshika mkono.

"Umeniponya, Mungu akulipe. Lakini kiti umemwachia nani?"

Alimjibu kwamba kitakaa wazi miezi miwili mpaka baraza likutane, na hadi hapo, kiti kikiwa kitupu, sheria inakiruhusu kifaa kuamua chenyewe.

"Kumbe umejitoa wewe, si kifaa," alisema Bi Zaituni. Hakusema kwa ukali. Alishuka ngazi pamoja na Gwao, polepole, wakizungumza chini chini, na Leonsi akabaki na sentensi ile kama mwiba.

Ndani, jina lingine likaitwa. Msusi mmoja alikuwa amekaa na mfiwa saa mbili kabla ya kuanza kumsuka. Sekunde nne. Ukuta mzima ukawa mwekundu, na chini yake kiti kitupu. Dhuluma. Msusi aligeuza macho huku na huku akitafuta mtu wa kumweleza, hakumwona.

Leonsi alikwenda dirisha la walalamikaji. Karani pale alikuwa Mwajabu, ambaye kwa miaka saba alipungiana naye mkono tu kila asubuhi.

"Umesahau kitu, mhandisi?"

"Nimekuja kulalamikia ada."

"Ya nani?"

"Ya mhandisi aliyeunda Kipimajasho. Jiji lilimlipa vizuri sana. Nataka ipimwe kama ilikuwa ya haki."

Mwajabu alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alizijua kanuni. Kifaa hakiruhusiwi kumpima fundi wake. Lazima waitwe watu watatu, wakae, wasikilize kwa masikio yao wenyewe, na mpaka wamalize kifaa huzimwa kote nchini. Alitazama ukumbini, akamtazama tena Leonsi, akavuta fomu.

"Haya. Kazi aliyolipwa ilikuwaje?"

"Nzuri," alisema Leonsi.

Kalamu ya Mwajabu haikugusa karatasi. Alimsogezea kiti, akangoja.