Mgongo wa Ogutu na Daftari la Wapagazi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Akeyo alimfunga mumewe mkanda. Ulikuwa mkanda mpana wa kitambaa, wa kumshikia mgongo. Ogutu alishika ukuta na kuvuta pumzi, Akeyo akakaza. Kisha Ogutu alivaa shati juu yake. Alitoka chumbani kwao Kabalagala, mjini Kampala, akitembea kama mtu asiye na kasoro.

Mgongo ule ulimsumbua tangu zamani. Alianguka na baiskeli akiwa kijana, kwao Kenya. Lakini kubeba alibeba, tena sana! Alibeba magunia ya mahindi kutwa nzima kwenye kinu kimoja huko Kisenyi. Kazini hakuna aliyejua habari ya mkanda. Mwenye kinu alitaka watu wenye nguvu, na Ogutu aliitaka kazi yake.

Mwezi wa nne, mwaka 2006, mvua ilinyesha. Ubao wa kupandia lori ulilowa. Ogutu alipanda na gunia begani, mguu ukateleza. Alianguka kwa makalio, na gunia likamwangukia.

Wahabi, mkuu wa kundi la wapagazi, alikimbia kumwinua.

"Pole, bwana. Unaweza kusimama?"

"Mguu wa kushoto una ganzi."

Wahabi alitazama ofisini. Mwenye kinu hakuwepo. "Basi nyamaza. Nenda nyumbani. Sisi tutabeba yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mwenzao akiumia, waligawana magunia yake. Kwenye daftari walimwandika kwamba yupo. Watu wema jamani! Lakini ngoja uone wema huo ulivyotaka kumponza Ogutu.

Siku kumi na mbili zilipita. Ogutu alilala mkekani. Alijaribu kuinua sufuria ya maji, akapiga yowe. Mganga wa zahanati alisema anahitaji picha ya mgongo na matibabu ya miezi kadhaa. Akeyo alilia.

"Baba Odero, usipotibiwa utalemaa! Na pesa ya matibabu tutaitoa wapi?"

Jirani yao, Hajati Sumayiya, alisikia kilio akaingia. Alikuwa mama wa Kinubi, mkali kidogo. Kabla ya kustaafu alikuwa karani katika ofisi ya afisa wa kazi.

"Uliumia wapi?" aliuliza.

"Kazini, Hajati."

"Mwajiri umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mgongo huu ni mbovu tangu zamani. Atasema haumhusu."

Hajati alivuta kigoda akaketi. "Nijibu. Kabla ya kuanguka, ulikuwa unabeba magunia?"

"Nilikuwa nabeba."

"Na sasa?"

"Hata sufuria imenishinda."

"Basi hayo yaliyoongezeka yametoka kazini. Fidia si ya wenye miili mizima peke yao. Daktari atapima aone ajali imeongeza nini juu ya ugonjwa wa zamani. Lakini lazima mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Unaweza kumwambia kwa mdomo. Mimi nasema tuandike, asije akadai hakusikia. Akikataa, tunakwenda kwa afisa wa kazi."

Ogutu aliinama. "Kuna shida, Hajati. Daftari linasema nipo kazini kila siku."

Hajati alishika kichwa. "Yallah! Mmejifunga wenyewe! Mwiteni huyo Wahabi."

Wahabi alikuja jioni. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Nikisema niliandika uongo, nitafukuzwa mimi. Nina watoto, Hajati." Akaenda zake. Ogutu hakumlaumu. Akeyo alimlaumu, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Waliandika barua wakaipeleka. Mwenye kinu aliisoma, akacheka. "Mtu aliyeanguka anakujaje kazini kila siku?"

Wakaenda kwa afisa wa kazi, dada mmoja mpole aitwaye Filda. Yeye alimtuma Ogutu kwa daktari, akapigwa picha.

"Mgongo huu uliwahi kuumia?" daktari aliuliza.

Ogutu alitaka kusema hapana. Aliogopa. Alimtazama Akeyo, kisha akasema, "Uliwahi, daktari. Nilianguka na baiskeli."

"Umefanya vizuri kusema. Alama za zamani ninaziona kwenye picha. Ungenificha, nisingekuamini hata kwa haya mapya."

Wiki iliyofuata, Filda aliwaita wote. Mwenye kinu aliweka daftari mezani. "Someni wenyewe," alisema. Akeyo alimshika mumewe mkono. Kama daftari lile lingeaminiwa, matumaini ya matibabu yangeishia hapo.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Wahabi, mwili mzima vumbi la unga.

"Daftari niliandika mimi," alisema. "Nina watoto, lakini na huyu anao. Alianguka kweli. Mimi ndiye niliyemwinua."

Mwenye kinu alisimama kwa hasira. Filda akamwambia kwa heshima, "Keti, ssebo. Na huyu usimfukuze kwa sababu amesema kweli."

Ripoti ya daktari ilikuwa wazi. Ugonjwa wa zamani ulikuwepo, na ajali iliuzidisha. Mwenye kinu alilipa matibabu, na fidia kwa yale yaliyoongezwa na ajali. Akeyo alicheka na kulia kwa pamoja. Baada ya miezi mitano Ogutu alirudi kinuni. Hakubeba tena. Alipewa kazi ya kusimamia mizani.

Siku hiyo ya kwanza, Wahabi alikuja akasimama karibu naye. Alitazama huku na huku.

"Ogutu, bega langu hili lilikuwa bovu tangu nilipokuwa nacheza mpira. Sasa gunia limelimaliza. Leo mke wangu ndiye aliyenivalisha shati."

"Gunia lilikuumiza lini?"

"Jumanne."

"Nani aliona?"

"Opoka. Ameniambia ninyamaze, watabeba yangu."

Ogutu aliacha mizani. "Mwite Opoka," alisema. "Tunakwenda ofisini sasa hivi, sisi watatu."