Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono, akaketi kando ya cherehani ya mama yake kushona vifungo. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, fundi wa nguo, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Siri ikimwingia sikioni asubuhi, jioni mtaa mzima unayo.

Siku hiyo alikuwa akitafuta kifungo cheupe cha shati. Akatia mkono ndani ya kopo, akatoa kimoja hakina matundu. Akatoa kingine, nacho vilevile. Lahaula! Vilikuwa vidonge vya mama, vile alivyoandikiwa na daktari ameze kila siku kwa maradhi ya viungo.

Mama alikuwa mjamzito, na mimba mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika. Chiriku alimtamani huyo mdogo wake kuliko kitu chochote duniani.

Mama alipoviona mkononi mwake, aliacha kukanyaga cherehani. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba viungo havimuumi tena, na shangazi kamwambia dawa kali humdhuru mtoto tumboni. Daktari naye akijua, atamgombeza.

"Hili lisitoke hapa, mwanangu," akasema.

Kwa mara ya kwanza maishani, Chiriku alinyamaza.

Siku ya kliniki alimsindikiza mama. Daktari, mwanamke wa makamo, aliuliza kama dawa inamezwa. Mama akaitikia kwamba inamezwa. Chiriku alimtazama mama, kisha sakafu.

"Vidonge vimo kwenye kopo la vifungo," akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari hakufoka. Alivuta kiti karibu, akaeleza kwamba kila mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Askari wa mama huyu hukosea, wakampiga mwenye nyumba, ndiyo maana viungo vilimuuma. Baadhi yao huvuka hadi kwa mtoto, na wanaweza kuudhuru moyo wake. Vidonge vile huwatuliza, na mjamzito anaruhusiwa kuvimeza.

Kisha akaweka kifaa kidogo juu ya tumbo la mama. Chumba kikajaa mlio wa haraka, kama cherehani siku mteja amesimama mlangoni anasubiri. Chiriku alisahau kupumua. Moyo usiozidi kifungo cha koti, nao unafanya kazi gizani bila kuambiwa na mtu! Alishangaa mpaka mwili ukamsisimka.

"Leo unapiga vizuri," daktari alisema. "Tutausikiliza mara kwa mara, na dawa unaanza upya leo hii. Mficha uchi hazai, dada yangu. Ukiwa na hofu, niletee mimi, usiifiche koponi." Akamgeukia Chiriku. "Nawe kumbuka, siri inayoweza kumuumiza mtu si ya kutunza. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia."

Mama alijifuta macho, akamvuta binti yake karibu.

"Mdomo huu nimeukemea miaka yote," akasema. "Leo umemsemea asiyeweza kusema."