Msumari Uliobaki Ukutani

Maiti ya Stanislas Chanda, mlinzi wa ofisi ya chama huko Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, ilikuwa imelala nyuma ya mlango ulioungua. Nje ya kizingiti, bila kuguswa na moto, ilikuwapo kofia ya chama pinzani.

Inspekta Albertine Kasonde, mkuu wa kitengo cha kufuatilia ghasia za uchaguzi, hakuinama kuiokota. Desturi yake ilikuwa kuchunguza kuta kwanza, kisha sakafu, na watu mwishoni kabisa. Desturi hiyo haikuwahi kumwaibisha.

Uani, vijana wa chama kilichochomewa ofisi walikuwa wakinoa mapanga.

"Mama Inspekta, unangojea nini?" alifoka kiongozi wao, Fils. "Kofia iko pale! Bale bantu tunabajua. Tunaenda kubapiga!"

"Mutoto wangu, bukari haijaiva kwenye sufuria, unaipakua? Nionyeshe kwanza picha za mukutano wenu wa jana."

Fils akatoa simu kwa kununa. Pichani, mwenyekiti wao, Jean-Claude Chisanga, alikuwa akihutubia ndani ya ofisi hiyo hiyo. Nyuma yake ukutani ulining'inia msalaba mkubwa wa shaba.

Inspekta akarudi ndani, akapita jenereta na meza ya mbao iliyoungua nusu. Ukutani palibaki msumari tu, na masizi ya mahali pale yalikuwa meusi sawasawa na kwingineko. Akayachekecha majivu kwa mikono yake, polepole, huku kelele za nje zikipanda. Shaba hakuipata.

Akamwita mwenyekiti.

"Papa Jean-Claude, ule musalaba ulikuwa wa nani?"

"Wa baba. Alikuwa muntu wa mugodi, aliufua mwenyewe. Padri akaubariki."

"Uko wapi?"

"Uliungua."

"Shaba iungue, na meza ya mbao ibaki nusu?"

"Basi bale bajambazi baliuiba."

"Bakaacha jenereta?"

Mwenyekiti akageuka kuutazama ule msumari.

"Musalaba ungekuwapo wakati wa moto, nyuma yake ukuta ungebaki mweupe," Inspekta alisema kwa utulivu. "Uliondolewa kabla. Adui hangeuonea huruma, Papa. Anayeogopa kuunguza musalaba wa baba ni mutoto wake. Twende kwako tuutafute, ao utaniambia?"

Jean-Claude akaketi juu ya tofali, akajishika kichwa.

"Iko kwangu, chini ya kitanda. Bantu balikuwa banatuacha, Mama. Nikasema, bakiona tumechomewa, batatuhurumia, batatupigia kura. Kofia niliitupa mimi. Stanislas aliniaga, anaenda kwenye matanga ya shemeji yake. Sikujua alirudi kulala. Hata kulia sikumusikia."

"Na hawa batoto? Ungebaacha baue bantu kwa uongo wako?"



Inspekta angeweza kumpitisha mlango wa nyuma na kumpakia garini. Badala yake alimfunga pingu, akamtoa uani mbele ya mapanga yote, kisha akasimama mbele yake kidogo, mahali ambapo jiwe la kwanza lingempata yeye.

"Sema, Papa. Kwa mudomo wako."

Akasema yote. Hakuna jiwe lililorushwa. Panga la Fils lilishuka taratibu hadi ncha yake ikagusa udongo.

"Sasa tupige nani?" aliuliza.

"Leo haiko wa kupiga," Inspekta alimjibu. "Iko wa kuzika. Muende mulete majembe."

 Fils akageuka, na wenzake wakamfuata kwenda kumchimbia Stanislas kaburi.